Siku Niliyomfuta Mama wa Nirmali

Kuna Jumamosi moja sitaisahau, mwanangu, maana ndiyo siku mdomo wangu huu ulipotaka kuvunja ndoa ya rafiki yangu. Ilikuwa Evere, mtaa wa Brussels, miaka ya elfu mbili na kitu, mimi msichana wa Lubumbashi ninayejiona Mbelgiji kuliko Wabelgiji wenyewe. Nilikuwa nakaa nyumba moja na Nirmali, muuguzi, Mdimasa wa milima ya Assam, kule India. Alipendana na kijana wa kwao, injinia hapahapa Brussels, na mama wa kijana akapanda ndege kuja kumwona mkwe.

Nirmali alikuwa jikoni akipakua wali. Mimi ndiye niliyeketi na mgeni, nimejipamba, najifanya mshenga. Mama yule akauliza kwa upole, "Binti ni wa ukoo gani?"

Nikataja ukoo wa baba yake Nirmali, huo nilikuwa naujua.

"Huo ni wa baba. Wa mama je?"

"Ah, maman," nikasema kwa kujiamini, "mama yake si alishaolewa? Ukoo wake uliishia hapo. Sasa wote ni wa baba."

Lo! Mama akaweka kikombe chini. Kumbe kwa Wadimasa koo ziko za namna mbili: za wanaume arobaini, za wanawake arobaini na mbili. Sisi wanawake tunazidi, unasikia? Mtoto wa kiume hufuata ukoo wa baba. Wa kike hubeba ukoo wa mama, ambaye aliupata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Na watu wakiwa wa ukoo mmoja, hata kwa upande wa mama tu, hawaoani. Donc, basi, binti asiyejulikana ukoo wa mama yake anaozwaje? Huenda ni dada wa huyo mume. Na mambo hayo wazee hawakuyaandika popote, waliambiana kwa mdomo tu. Mama akaanza kutafuta koti lake.

Nirmali akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote. Alisimama wima mbele ya yule mama, akataja ukoo wa mama yake. Kisha akamtaja mama yake kwa jina na kijiji, bibi yake, mama wa bibi, akapanda hivyo mpaka wanawake saba, bila kukwama. Mama akasikiliza hadi mwisho, naye akataja ukoo wake. Tofauti kabisa! Wakakumbatiana wakilia, na mimi nikalia nao, kwa aibu na kwa fahari. Nirmali ni mfupi kuliko wewe, lakini siku ile nilimwona mrefu kuliko sisi sote.

Mgeni alipoondoka, akaniambia neno moja tu: "Umemfuta mama yangu kwa sentensi moja. Wa kwako ulimfuta lini?"

Mwanangu, niliumia. Mimi ni Mbemba! Kwetu pia mtoto ni wa ukoo wa mama, na nilikuwa nimeusahau kwa kutaka Uzungu. Nikampigia mama Lubumbashi.

"Weye mutoto!" akanicheka. "Sisi tuko Bena Mfula, bantu ba mvula. Papa yako alikuleta mu nyumba. Mu ukoo, ni miye njo nilikuleta!"

Watu wa mvua, ndio sisi. Akaanza kunitajia bibi zake, na kadi ya simu ikaisha. Nikanunua nyingine.

Bon, ndiyo maana nakusumbua. Usiseme mila za watu usizozijua, na usizidharau za kwako unazozijua. Ukiulizwa u mtoto wa nani, usiishie kwa baba. Wataje wanawake waliokubeba, mmoja mmoja, na kichwa juu. Wale walio hai wapigie simu leo, usingoje msiba ndipo uulize majina.

Mungu akulinde. Akupe mume anayejua kwao. Na akujalie binti mwenye mdomo kama wangu, wa kujibu kabla hajaulizwa, ila yeye ajibu sawasawa.