Kadi ya Moshi

Mkubwa wetu wa matengenezo alikuwa mtu wa Kasai, mfupi, aliyefuta miwani yake kila mara hata ikiwa safi. Mimi nilikuwa karani wake katika kiwanda cha mafuta ya mawese, Kamina. Bomba la moshi lilisimama nyuma ya shule ya Wamethodisti. Binti yangu alisoma pale darasa la pili, na alikuwa na pumu. Moshi ukiwa mzito, alirudi nyumbani akihema.

Kiwanda kilipokubali kununua chombo cha kupima moshi, muuzaji kutoka Lubumbashi alileta picha za mashine yenye taa za rangi. Wakubwa walimeza mate. Mkubwa wetu wa matengenezo aliuliza jambo moja tu: nani atapanda kufuta vioo vyake? Muuzaji akacheka. Basi tukachukua chombo cha sura mbaya: taa upande mmoja wa bomba, jicho upande wa pili, na mshale wa kuonyesha mwanga kiasi gani umemezwa na moshi. Mshale ukivuka alama nyekundu, wachochezi wa tanuri walipunguza maganda ya mawese motoni.

Kila asubuhi alipanda ngazi mwenyewe, akafuta masizi kwa kitambaa cha pamba. Kisha alisimama uani na kadi yenye vipande vitano vya rangi, kutoka kijivu hafifu hadi nyeusi, akailinganisha na moshi angani. Nilimtania kwamba anaupigia moshi saluti. Moyoni nilimhusudu, kwa kuwa sijamwona mtu mwingine aliyeheshimu kazi isiyoonekana kiasi kile.

Halafu watu wa Kasai wakafukuzwa mkoani kwetu, warudi kwao. Sitalipamba jambo hili: waliowafukuza walikuwa watu wetu, wengine tuliimba nao kwaya moja. Yeye na mkewe walikaa siku nyingi stesheni juu ya mizigo yao, wakingoja treni. Niliwapelekea bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa Bukama, nikitazamia lawama. Akanipa kadi yake ya moshi.

“Mama, siku utatia ampoule ya mupya, usiamini aiguille yenyewe. Angaria kwanza karte. Kama haipatane, karte njo ya kweli.”

Ampoule ni balbu, aiguille ni mshale, hayo niliyajua; nikaitikia kwa kichwa, nikijifanya nimeelewa na yaliyobaki.

Taa ilikuja kuungua wakati wa vita, chombo kimeachwa mikononi mwangu, njia zimefungwa, balbu yake haipatikani popote. Nikatia ya lori, nikajiona fundi. Mshale ukalala chini kabisa, na mkurugenzi akanisifu mbele ya watu. Wachochezi, kwa kuuona umelala, wakajaza maganda motoni watakavyo. Binti yangu akahema vibaya kuliko zamani. Nikalaumu vumbi la kiangazi.

Wiki nzima ilipita kabla sijaitoa kadi kwenye droo. Moshi ulilingana na kipande cha nne, na mshale ulisema karibu hakuna kitu. Balbu yangu ilikuwa kali mno, ilipenya moshi ule bila taabu. Niliona aibu hata nikashindwa kula. Moshi nilikuwa nauona kwa macho yangu kila siku, lakini nilipenda kuamini mshale kwa sababu balbu niliitia mimi.

Mkurugenzi hakutaka kusikia. Alisema mashine ni mashine, na kadi ni karatasi tu. Nilibishana naye mpaka nikafukuzwa ofisini mwake, na moshi ukaendelea.

Kisha njia zilipofunguka, mama mmoja muuzaji wa maharagwe akashuka kwenye treni ya kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, akamtafuta karani wa kiwanda cha mafuta. Akanipa soksi ya mtoto. Ndani yake, katika kitambaa cha pamba, mlikuwa na balbu ya chombo chetu, mpya. Yule mkubwa wangu wa zamani alikuwa akihesabu umri wa kila taa aliyoitia. Hata huko alikofukuziwa alijua yetu imefika mwisho. Hakuandika barua. Alituma swali kwa mdomo.

“Alisema nikuulize: mutoto anapumua muzuri?”

Nilipanda ngazi, nikafuta vioo kwa kitambaa kile, nikaitia. Mshale ukaruka juu ya alama nyekundu mbele ya mkurugenzi mwenyewe, na wachochezi wakaacha kutia maganda. Nilishuka nikilia, masizi usoni, bila kujali anayenitazama.

Yule mama alipopanda treni kurudi, nilimpa jibu la kupeleka: ndiyo, tangu jana.