Masta Moja, Magari Mawili

Mimi na mtani wangu tulikuwa na magari mawili ya mashindano na breki moja. Fundi atanikosoa, maana pedi kila mtu alikuwa na zake, na mabomba yake, na mafuta yake. Kilichokuwa kimoja ni masta, yaani kile kichuma kinachosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Bila hicho unaweza kukanyaga mpaka sakafu itoboke, gari litaendelea na safari zake.

Magari yenyewe yalikuwa pacha, ya Kijapani, ya zamani sana hata nadhani walioyatengeneza wameshayasahau. Masta yangu ilikufa kwanza. Nilitafuta nyingine Tabora nzima. Muuza spea mmoja karibu na soko aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, akaniuliza kama gari hilo halikuzikwa. Nilituma picha Dar es Salaam, nikaletewa kwa basi boksi zuri lenye masta ya lori. Fundi wa malori kule Igunga akanikatia raba za ndani ya masta yangu kutoka kwenye kandambili, akaapa zitadumu. Zilidumu mpaka kona ya kwanza. Mimi na gari tulimalizia mashindano ndani ya jaruba la mpunga, na mwenye mpunga aliniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ndipo mtani akasema tutumie ya kwake kwa zamu, shindano moja lake, linalofuata langu. Yeye alikuwa Mzaramo aliyekuja Tabora kikazi, akaonja asali ya huku, hakurudi kwao. Mimi ni Mnyamwezi wa Ipuli. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Kila tulipoihamisha ile masta, alinikumbusha kwamba babu zangu walikuwa wapagazi, basi niibebe mwenyewe. Nilimjibu kwamba babu zake walikaa njiani wakiwauzia wapagazi maji machafu, na ladha yake bado imo kwenye chai ya nyumbani kwake. Hatukuwahi kusemeshana vizuri hata siku moja, na sikuwa na rafiki mwingine wa namna ile.

Shindano la mwisho lilikuwa langu. Nikamrudishia masta, akaifunga kwenye gari lake kungojea zamu yake. Kabla haijafika, presha ikamuua, kitandani, yeye aliyekwisha kupindua magari na kutoka akijipangusa vumbi. Nilimkasirikia kwa hilo, na hasira hiyo haijaisha vizuri.

Msibani nikasikia kaka yake, aliyetoka Dar, anataka kuliuza gari lile kama chuma chakavu. Gari liende, masta iende nalo, na mimi niwe mtazamaji wa mashindano, nikila karanga pembeni na wastaafu. Sikukubali. Mtani ana haki zake kwenye msiba: anaruhusiwa kumsema marehemu, kucheka watu wakilia, hata kuteka mali ya wafiwa mpaka waikomboe. Nilikuwa nimekuja na spana mfukoni mwa kanzu.

Tuliporudi kutoka makaburini nikasimama katikati ya turubai. Nikawaambia watu kwamba huyu mvivu amekufa makusudi ili nisimshinde tena. Watu wakacheka, wengine huku wakifuta machozi. Kisha nikaenda uani, nikafungua boneti, nikaing'oa masta, nikarudi nayo mafuta yakinichuruzikia kwenye kanzu, nikatangaza kwamba nimeiteka. Shehe aliangalia tasbihi yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mimi moyoni nilishangilia. Watani wengine huteka sufuria au baiskeli, vitu ambavyo watu hukimbilia kuvikomboa. Nani atakomboa chuma chenye kutu?

"Mtani," ikasema sauti nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa mjane, amekwisha kuingia eda. "Hicho tunakikomboa."

Wifi yake akatoka na jogoo, akanikabidhi mbele ya watu wote. Hapo mila haina mjadala. Ukishapewa cha kukombolea, unarudisha ulichoteka, na ukikataa unageuka kuwa mwizi wa kawaida. Nilimfunga jogoo kwenye bampa, nikairudishia masta mahali pake boliti kwa boliti, msiba mzima ukinisimamia na kunielekeza. Wazaramo walicheka mpaka wakakohoa. Jogoo nilimchinja kesho yake. Alikuwa mgumu.

Miezi ya eda ilipokwisha, mjane akaja kwangu Ipuli. Alikuwa amekonda. Nilimkaribisha kiti, nikaanza kumpa pole, akanikatiza.

"Mashindano ni lini?"

"Jumapili, shemeji. Ila mimi sina breki."

"Sikukuuliza wewe una nini. Zamu ni ya nani?"

Nilijua jibu. "Ya kwake."

"Basi uje uliendeshe gari lake. Shemeji yangu nimeshamwambia haliuzwi. Msibani uling'oa masta kabla mwenzako hajamaliza zamu, ndiyo maana nikakutolea jogoo."

"Na baada ya Jumapili?"

"Baada ya Jumapili zamu ni yako. Utakuja na spana yako, na utaibeba mwenyewe, mpagazi wewe."

Alipolitamka neno hilo tulicheka wote wawili, halafu yeye akalia, nami nikajifanya natafuta funguo.

Jumapili nilikaa kwenye kiti kilichobonyea kwa umbo la mtu mwingine, mtu mnene kuliko mimi. Mjane alisimama kwenye mstari wa kuanzia kajitanda khanga, akanitazama bila kunipungia mkono. Nilishika mkia. Hata lile gari bovu la mwalimu mmoja mstaafu, ambalo huwa linasukumwa ndipo liwake, lilinipita. Wenzangu wakanizunguka kuniuliza gari lina ugonjwa gani. Halikuwa na ugonjwa wowote. Njia nzima nilikuwa nakanyaga breki hata mahali pasipo na kona, kwa sababu kila nilipokanyaga, ilishika, kama mtani bado ananijibu.