Siku Nilipoyasingizia Mafuta ya Bi Hadija

Jamani, jambo hili niliapa sitalisimulia kamwe, lakini kwa kuwa kijiji kizima cha Miteja kinalijua na hata watoto wa madrasa wakinipita wanachekea mikononi, bora mlisikie kutoka kwangu, angalau mimi nitajionea huruma kidogo.

Nina kagari kangu ka mtumba, kakuukuu kweli kweli. Asubuhi ile natoka shambani kwenye mikorosho yangu, mara kale kataa ka njano kenye picha ya injini kakawaka, na kila nikikanyaga mafuta gari linashtuka, linakata, linashtuka tena, kichwa changu kinatikisika ndiyo ndiyo kwa kila ninayempita (wengine walidhani nawasalimu, wakaitikia). Mwenye akili angeegesha akampigia fundi. Mimi nikajiambia, fundi wa nini, haya ni mafuta machafu tu! Na mafuta nilikuwa nimeweka jana yake kwa Bi Hadija.

Bi Hadija ni mjane anayeuza petroli kwenye chupa pembeni ya barabara, na hiyo ndiyo inayomlisha. Tena, Mungu anisamehe, ni somo wa mke wangu, ndiye aliyemfunda alipokuwa mwari. Bora umkosee mkwe, maana mkwe atanuna yaishe, lakini somo ataitisha kikao.

Nikafika nikirukaruka na gari langu mpaka mbele ya meza yake, bodaboda wanne wakiwa pale wanasubiri kujaza. Shikamoo niliitoa, nisiseme uongo, ila niliitoa nikiwa bado nimekaa kwenye usukani.

"Marahaba, Baba Rukia. Mbona unakuja kwa vishindo?"

"Mama, mafuta yako umeyatia maji! Tazama ulivyoniulia injini!"

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mafuta ni hayahaya wanayoweka vijana hawa. Mbona pikipiki zao zinakwenda?"

Pale ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini kiburi kilishapanda, nikajibu kwamba pikipiki haina kompyuta, haiwezi kujua inalishwa nini. (Neno kompyuta lilinipa heshima kwa kama dakika tano.) Bodaboda wawili wakatazamana, wakawasha, wakaenda kujaza kwingine. Bi Hadija akaanza kuziteremsha chupa zake mezani mojamoja, na niliona haya, wallahi niliona haya, ila badala ya kushuka nimtake radhi nikapaza sauti, "Ngoja nimwite fundi na mashine yake, ukweli ujulikane!"

Yaani shahidi nilimwita mwenyewe.

Fundi Seif akaja kutoka Nangurukuru, akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma, akakuna kichwa. Watu wameshajaa, maana habari ya ugomvi kwetu haihitaji mpiga mbiu. "Mafuta hayana neno," akasema. "Gari linalalamikia hewa." Akafungua boneti, akatoa chujio la hewa, akaligonga kwenye tairi. Vumbi la njano likamwagika mpaka kwenye viatu vyangu.

Mtu wa Miteja haambiwi lile ni nini. Ilikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, salfa, ile dawa ya unga wa njano, iko kwenye nywele, kwenye mikeka, mpaka kwenye chai. Na mimi asubuhi ile, ili nisikilize redio wakati napuliza, nilikuwa nimeliacha gari linanguruma katikati ya mikorosho, tena upande unakokwenda upepo. Saa mbili nzima injini ilikuwa inavuta dawa.

"Sasa Baba Rukia," akauliza bodaboda mmoja, "msimu huu gari litatoa korosho gunia ngapi?"

Watu wakashika mbavu, hata fundi. (Na mimi ningecheka, kama gari lingekuwa la jirani.) Bi Hadija peke yake hakucheka. Nikamsogelea nimnong'oneze samahani, akarudi nyuma hatua moja.

"Sauti ileile, baba. Umenitangaza barabarani, nitake radhi barabarani."

Basi akazirudisha chupa mezani, nami nikasimama kando yake mpaka adhuhuri, namwambia kila anayesimama kwamba mafuta haya ni safi na mwongo ni mimi. Wale wawili waliokwenda kujaza kwingine nao walirudi, mmoja akanitaka nirudie maneno mara tatu, eti helmeti inamziba masikio. Pale pale nikala yamini kwamba taa yoyote ikiwaka tena nitaita fundi kwanza, na mdomo wangu utasubiri majibu.

Chupa ya mwisho ilipouzwa, Bi Hadija akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nimekusamehe, mwanangu. Nenda nyumbani kwa amani." Nikamshukuru, nikashika mlango wa gari. "Ila mkeo," akaongeza, "nitamweleza mimi mwenyewe. Nimeshampigia, ananisubiri, nipakie twende."

Akapanda, akajifunga mkanda. Fundi alikuwa amesafisha kila kitu, gari likaondoka laini kabisa, halishtuki, halikati, na mimi njia nzima nikawa naomba lizimike.