Waliolalia Miche Yangu

Mjukuu wangu aliniambia wageni wa mjini watakuja ukingoni mwa kaya, msitu wetu wa wazee huku Kakuyuni, wapone kwa miti. Nikadhani wanataka dawa ya mizizi. Kumbe wanataka kulala tu na kuvuta pumzi!

Wakaja na mikeka ya mpira. Mmoja alikumbatia mti mzee wa mkone, akalia kama aliyefiwa. Nikajikaza nisicheke. Lakini kwetu mtu akiingia kayani havunji hata kijiti cha kuchokolea meno, na hawa wenzangu walikuwa wamelalia mibambakofi na mihuhu michanga, niliyoipanda pale wachoma makaa walipokata, nikaitilia maji ya kubeba kichwani kiangazi chote.

"Inukeni! Mmewalalia watoto wangu!"

Mwalimu wao, msichana wa miwani, akaninong'oneza, "Shikamoo, bibi. Tafadhali, tunausikiliza msitu."

"Basi usikilizeni vizuri. Unalia hapo chini ya matako yenu."

Jioni waliondoka wakisema wamepona. Mibambakofi yangu miwili ilikuwa imevunjika shingo. Mapenzi gani hayo, kukumbatia mti mzee usiokuhitaji na kuua mche mchanga ulio chini yako?

Nikakata miiba shambani kwangu, nikauzungushia kila mche uliobaki. Walipokuja tena, yule msichana alisimama na mkeka wake kwapani.

"Bibi, sasa sisi tutalala wapi?"

"Kwani kwenu hakuna vitanda?"