Shimo Chini ya Nywele za Nyamongo

Katika kibanda cha kinyozi Manasseh Angwenyi, kando ya soko la Kisii, ubishi ulikuwa mmoja, nao ulikuwa umedumu miaka sita: Nyamongo Onsongo angefika wapi? Bei ya pareto ilipanda ikashuka, wabunge walikuja wakaenda, lakini mtu akishafungwa shuka shingoni tu, yanaanza. Onyancha, muuza nyama, alikuwa na jibu lile lile kila mara: "Yule angekuwa bingwa wa dunia." Mwalimu Nyamweya naye alimkatiza: "Bingwa wa Nyanza, basi. Huko mbele aliogopa."

Manasseh hakuchangia. Alikuwa Msabato wa miaka hamsini na ushei, mwenye mkono mwepesi, na kila lilipotajwa jina hilo alibana meno hadi taya zikamuuma. Ndiye aliyemfundisha Nyamongo ngumi. Alikuwa amejifunza jeshini, wakati wa vita vya Burma, akarudi nyumbani na jozi mbili za glavu na kiu ya kumpata kijana wa kuzivaa.

Alimpata. Mwaka 1969, Kisumu, Nyamongo aliwaangusha wanaume watatu kwa siku mbili, akatwaa ubingwa wa mkoa. Katika pambano la mwisho alipokea konde moja tu la maana, juu ya sikio la kushoto, akacheka. Baada ya hapo hakucheka kwa miezi mitatu. Kichwa kilimuuma hadi akawa anakiegemeza kwenye shina la mgomba, akikisukuma kana kwamba anataka kuung'oa. Hospitalini alipewa vidonge, akavimaliza, akapewa vingine. Na barua ya Nairobi ilikuwa imeshafika: mwezi wa Machi ajitokeze kwenye mchujo wa timu ya taifa.

Manasseh akafanya ambalo Mgusii yeyote wa rika lake angelifanya. Alimpeleka kijana kijiji cha Nyamache, kwa mjomba wake yeye Manasseh, mzee Machogu, omobari, mmoja wa wale mafundi wanaopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa hadi maumivu yapate pa kutokea. Kazi hiyo Machogu aliirithi kwa baba yake, na wagonjwa wake walikuwa wakionekana sokoni wakibeba mizigo. Manasseh mwenyewe alimnyoa Nyamongo mahali pa kupasuliwa, kwa wembe wa kibandani kwake, akizungusha taratibu. Kisha akamshika mabega, mzee akapasua.

Wiki mbili baadaye maumivu yaliisha kabisa. Kufikia Februari ngumi zake zilikuwa nzito kuliko za Kisumu. "Mjomba amenirudishia mtu mpya," Manasseh alimwambia mkewe, Bochaberi. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba kichwa kilichopona na kichwa cha kupigania ni vitu viwili.

Nairobi, daktari wa mashindano alimpima Nyamongo moyo, akampima macho, kisha akapitisha vidole kwenye nywele zake. Vidole vikasimama.

"Mfupa wa hapa uko wapi?"

Nyamongo alimtazama Manasseh aliyesimama mlangoni. Manasseh akatikisa kichwa kidogo sana. Mzee Machogu angeweza kufungwa.

"Niliangukia jembe nikiwa mdogo, daktari."

Daktari aliandika mstari mmoja. Asipande ulingoni tena, maisha yake yote. Garini, walipokuwa wakirudi, Nyamongo alisema neno moja tu: "Kocha, tusimtaje mzee." Hawakumtaja. Kisii ikaachwa ijitafutie sababu yenyewe. Nyamongo alirudi kwenye pareto yake, akavaa kofia ya sufu, na kila mwezi alikuja kunyolewa Ijumaa alfajiri, kabla benchi la wateja halijajaa, akiachiwa nywele ndefu juu ya sikio la kushoto.

Juni 1976 mzee Machogu alifariki. Ijumaa baada ya mazishi, mwalimu Nyamweya alikuwa kitini, povu hadi masikioni.

"Bondia asiye na moyo ni gunia la viazi," alisema. "Alifika Nairobi, akaona wanaume, tumbo likamwendesha!"

Benchi likaangua kicheko. Onyancha peke yake alinuna.

"Tulia, mwalimu, wembe una makali," Manasseh alisema.

"Si wewe ulikuwa kocha wake, mzee? Mbona hujawahi kutuambia? Au unamwonea aibu?"

Manasseh aliutia wembe majini. Mjomba alikuwa ardhini. Hakuna askari ambaye angemfuata huko. Akawaambia yote: konde la Kisumu, Nyamache, vidole vya daktari. Aliyasema kwa haraka, kama mtu anayetua gunia, akangoja wamwonee Nyamongo fahari.

"Shimo?" mwalimu aliuliza. "Kwenye fuvu?"

"La ukubwa wa kifuniko cha soda."

Onyancha alishusha pumzi. "Kumbe miaka yote hii nampigania mtu mwenye kichwa kilichotoboka."

"Konde moja tu likammaliza," mwalimu alisema. "Basi hakuwa na kichwa cha ndondi tangu mwanzo."

"Kweli hakuwa nacho," Onyancha akakubali.

Wakakubaliana, wawili hao, kwa mara ya kwanza. Manasseh alitaka kupiga kelele.

Ijumaa iliyofuata Nyamongo hakuja alfajiri. Alikuja saa sita, benchi limejaa, kofia mkononi.

"Jana sokoni," alisema, "mama mmoja wa ndizi aliniomba anishike kichwa. Onyancha huyu hapa, aliyekuwa akinikatia nyama akiniita bingwa, juzi aliniuliza kama nasikia vizuri."

Onyancha alitazama viatu vyake.

"Nilitaka wajue kwamba hukuogopa," Manasseh alisema.

"Nilikuomba hilo, Manasseh?" Tangu ujana wake alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. "Miaka sita nikipita hapa nje nilikuwa nawasikia wakigombana. Nilikuwa napunguza mwendo, unajua? Nusu ya benchi hili ilikuwa ikinivisha mkanda wa dunia. Sasa hakuna anayebisha."

Akaketi. "Nyoa."

"Kama kawaida?"

"Yote. Si wameshaona?"

Manasseh alinyoa. Alipofika juu ya sikio la kushoto mkono ulipunguza kasi, na benchi zima likanyoosha shingo. Pale ngozi ilikuwa imebonyea, ikidunda polepole. Alizungusha wembe ukingoni mwake, kama alivyofanya siku ile Nyamache.

Nyamongo alijitazama kwenye kioo, akaitia kofia mfukoni, akatoka. Mwalimu Nyamweya alifungua kinywa.

"Lakini tuseme lile konde lisingempata..."

"Nyamaza, mwalimu," Onyancha alisema.

Manasseh alikung'uta shuka, macho yakiwa dirishani. Nyamongo alipita nje, jua likimwakia kichwani, na hakupunguza mwendo.