Distributa Siku ya Sabato

Mama yangu alifia hospitalini Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini, na siku zote alizolala mochari nilikuwa na wazo moja tu kichwani: misa. Alikuwa Mkatoliki wa kupiga magoti. Padre wa kwao Kosele alihudumia vigango vingi, yale makanisa madogo ya vijijini, na aliahidi kupita Jumamosi mchana, amsomee misa, amzike, kisha aendelee na safari zake. Tukichelewa, mama angezikwa na katekista kwa sala fupi. Mwili ungebebwa na pikapu yetu, ile kuukuu tuliyochukulia vitambaa vya dukani.

Mume wangu alikuwa Msabato, tena mzee wa kanisa. Alikuwa pia mtu asiyeamini kwamba gari linaweza kuwa zima. Ijumaa mchana aliamua kwamba distributa, kile kifaa kinachozigawia plagi moto kwa zamu, imelegea na haitatufikisha. Akaing'oa, akaleta nyingine kutoka kwa gari lililokufa. Nilimwambia aache ile ya zamani. Ndivyo tulivyoishi, mimi nikisema na yeye akiendelea.

Jua lilipoanza kushuka ndipo akaanza kukimbizana nalo, maana Sabato huingia Ijumaa jua linapozama. Kwa kawaida, kabla ya kupachika distributa, alifungua plagi ya kwanza, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akangoja hewa ikisukume. Jioni ile aliangalia tu alama kwenye puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini. Alama hiyo hupita mara mbili: pistoni inapobana hewa, na tena inapomaliza kutoa moshi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Akaipachika, akapiga stata. Kabureta ikalipuka kama bunduki, kuku wakatawanyika, gari likanyamaza. Akajaribu tena, mambo yakawa yale yale. Kisha akatazama magharibi, akafuta mikono, akafunga sanduku la spana.

"Nyar Kosele," aliniita, yaani binti wa Kosele, jina alilonipa tangu anioe. "Jua imeingia."

"Na mama?"

"Mama amelala. Yeye hana haraka."

"Mimi ndio niko na haraka! Bibilia yako si inasema ng'ombe ikianguka kwa shimo unaitoa hata Sabato?"

"Hakuna ng'ombe hapa. Kesho tafuta gari ya kukodi."

Gari la kukodi Jumamosi, siku ambayo nusu ya wilaya inazika! Nilimchukia jioni ile, sipambi neno. Nilimwekea chakula kwa sababu kilikuwa tayari, basi.

Asubuhi, yeye akioga, nilifungua boneti. Nilikuwa nimemshikia spana miaka mingi, na macho yangu si ya mapambo. Lakini mikono yangu ilihitajika mbele, kuzungusha injini kwa hendeli, kwa hiyo kidole cha kuzibia tundu sikuwa nacho. Nikatafuta kigunzi chembamba cha hindi, nikafungua plagi ya kwanza, nikakichomeka kwenye tundu lake. Nikazungusha polepole. Alama ikapita, kigunzi kimya: huo ulikuwa mzunguko wa moshi, ndipo alipoipachika distributa. Nikazungusha tena, kigunzi kikaruka. Nikaileta alama mahali pake, nikaing'oa distributa, nikageuza rota yake, kile kidole cha ndani kinachozunguka, nusu duara ielekee waya wa plagi ya kwanza, nikairudisha na plagi nikaifunga. Gari likawaka. Nilicheka peke yangu, mfiwa mzima.

Ila taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, haikai sawa kwa kubahatisha. Nilipokuwa nikipanda kiinuko cha kutoka kwetu, injini ikaanza kugonga, kama njugu zinazotikiswa kwenye mkebe. Mume wangu alikuwa mbele yangu akitembea kwenda kanisani, shati jeupe, Biblia kwapani. Akasimama. Nilidhani ananipisha. Akainua mkono, nikasimama, akaiweka Biblia kwenye kiti kando yangu na kuchukua spana iliyokuwa hapo. Akafungua boneti injini ikiwa bado inanguruma. Akalegeza bolti, akaisogeza distributa kidogo sana, akainamisha sikio, akaisogeza tena, akakaza. Biblia aliichukua kwa mkono uliokuwa safi.

"Enda polepole," alisema, akashika njia yake.

Tulichukua jeneza mochari, mimi na kaka yangu aliyekuwa akinisubiri huko, na milima ya kuelekea Oyugis, njia ya Kosele, gari liliipanda bila kelele. Tulimkuta padre ndiyo kwanza anavaa kanzu. Mama alipata misa nzima, na nyimbo zake zote. Nililia vizuri.

Jumatatu mwanamke mmoja wa kanisa la mume wangu alikuja dukani kunipa pole na kununua kitambaa. Alishangaa kwamba sijasikia. Jumamosi ile mume wangu alisimama mbele ya washiriki, akasema amefanya kazi siku ya Sabato, wamwondoe kwenye uzee wa kanisa. Wazee wenzake walitaka kumnusuru. Walimuuliza kama haikuwa lazima, kwa ajili ya maiti.

"Akasema hapana," mwanamke aliniambia. "Ati gari ingefika tu, hata ikigonga. Akasema hakutaka mama aende na hiyo kelele."

Nilikuwa katikati ya kumkatia kitambaa chake. Niliweka mkasi chini, kwa sababu sikuona tena nilipokuwa nikikata.