Mita Iliyoitwa Mama

Watu walimwita Bwana Sahihi kwa kumtania, naye kwa ujinga wake akalipokea jina kama cheo. Alikuwa fundi wa vifaa vya zamani vya kupimia umeme: mita za mshale, na zile oskiloskopu nzito zenye kioo cha duara kinachochora umeme kwa mstari wa kijani. Kazi aliijua, hilo tusimnyime. Kilichomshinda ni kuishi na binadamu. Fundi aliyebadilisha kapasita zote, vile vikopo vya kutunza umeme, bila kupima hata moja alimwita mchinjaji. Mteja aliyezoea kuipiga redio kofi ili izungumze aliambiwa akaijaribu dawa hiyo kwa mama mkwe wake.

Mezani pake ilikaa mita kubwa yenye sanduku la mbao, urithi wa baba yake, naye aliiita Mama. Kila mita iliyoingia dukani ililinganishwa na Mama. Iliyothubutu kutofautiana naye ilifunguliwa na kukazwa skrubu mpaka ikakubali. Kwa njia hiyo mita za mafundi wote wa mji zilisema alichosema Mama.

Meza ya pili ilikuwa ya mdogo wake, mpaka siku huyo mdogo aliponunua mita ya plastiki yenye tarakimu.

"Kaka, Mama anasoma chini ya kiasi halisi," akasema.

Bwana Sahihi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hicho kidude ndicho kimkosoe Mama? Tangu lini kifaranga kikamfundisha kuku kutaga?"

Mdogo mtu aliposhikilia neno lake, akaambiwa achague: amheshimu Mama au akatafute meza kwingine. Akatafuta. Sasa alitengeneza simu chini ya ngazi za jengo la ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi kaka yake alimwona kupitia dirisha la duka, akasonya, kisha akachungulia tena. Alitamani arudi, tena sana, ila angeukata ulimi wake kuliko kulitamka. Meza ya pili aliifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe na kujidanganya kwamba anapenda usafi.

Ndipo mwalimu mmoja mstaafu akamletea oskiloskopu yake, kitu alichokitunza kuliko macho yake. Kapasita zake kadhaa zilikuwa zimevimba na kuvuja. Bwana Sahihi aling'oa mbovu, akaweka nzima, akawasha. Mama akasema volti hazitoshi. Akazungusha skrubu ya kupandisha volti. Bado, akasema Mama. Akazungusha tena huku akiwatukana walioiunda. Mshale ulipofika alipoutaka tu, pu! Kapasita kubwa ikapasuka, moshi ukatanda, na kioo kikazima kabisa.

"Kapasita za siku hizi takataka tupu," akasema.

Mkewe alitokea mlangoni akipepea moshi kwa shuka aliyokuwa anaikunja. "Kila kitu unakipima kwa Mama. Na Mama mwenyewe anapimwa na nani?"

Akamwambia hilo ni swali la mtu asiye na kazi. Lakini mkewe alipogeuka tu, akachukua betri mpya ya tochi. Betri mpya ya tochi ni volti moja na nusu, na ikizidi huzidi kidogo. Hilo halihitaji chuo. Mama akasoma moja na robo. Betri feki! Akaenda kumfokea muuza duka, akanunua nyingine kwa jirani yake. Moja na robo. Akaenda duka la tatu, mambo yakawa yale yale. Mwenye akili zake hapo angeanza kuona haya. Yeye aliona wauza betri wamekula njama.

Basi akatia betri mfukoni, akamchukua Mama kwapani, akavuka barabara kwenda kutafuta shahidi.

"Karibu kaka, karibu," mdogo wake akasema, akasimama kumpisha kiti. Akazipima betri moja moja kwa mita yake ya plastiki. Zote nzima. Hakucheka, na hilo lilimuudhi kaka yake zaidi kuliko kicheko.

"Rezista zake zimechoka tu, kaka. Ni za enzi za baba. Tunazibadilisha, Mama anapona." Akajipangusa vumbi mikononi. "Na mimi narudi. Hapa vumbi linaniua, sina hata wa kupiga naye soga. Sitaki uniombe radhi. Sema tu kwamba Mama alikuwa anakosea, nifunge virago twende."

Wateja wawili walikuwa wamesimama na simu zao, masikio wima. Bwana Sahihi alilifikisha neno mpaka kwenye meno. Alimtaka ndugu yake kuliko mita zote za duniani. Kisha akazifikiria mita zote alizozikaza zidanganye, na mwalimu na oskiloskopu yake, na mdomo wa mkewe. Akambana Mama kwapani.

"Betri feki na mita feki," akasema. "Zimekutana."

Mdogo wake alizima mita yake. Akazikusanya betri, akamwekea kiganjani taratibu, kama anavyomrudishia mtu yeyote simu isiyotengenezeka.

"Sawa, bosi," akasema. "Naomba usogee kidogo, kuna wateja."